Kisanduku Kilichoitikiwa Amina

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asihangaike. Nitamweka sawa kwa maneno machache, maana hata mimi sina hamu ya kuurudia uchafu ule wote.

Pikipiki ya mume wangu Sadick iliibwa. Biashara yangu ya maandazi ikafa. Tukashindwa kuishi Kilindoni, katika vyumba tulivyopanga nyuma ya duka la mzee Nurmohamed, tukahamia Kiegeani kwa mama mkwe wangu, Bimkubwa. Nikadhani nimefika mwisho wa mikosi. Kumbe mikosi ilikuwa imetangulia kwenda kunitandikia kitanda.

Mimi nanyi tuliachana pale shemeji yangu Shaibu aliponinyang'anya kisanduku changu, akakifunika kitambaa cha kijani na kuniambia nisikiguse tena.

Kisanduku chenyewe ni spika. Spika ya kuongea nayo, unaiuliza inakujibu, ukubwa wake kama kopo la maziwa. Mama mdogo aliyenilea Maskati alinipa siku ya harusi yangu. Kwa kuwa kilinunuliwa kule, hakijui Kiswahili, kinasema Kiarabu. Mimi Kiarabu ninakijua. Nimecheza nacho mitaani na kusoma nacho shule mpaka nikavunja ungo.

Ukitaka kikusikilize, sharti ukiite jina. Binti wa mama mdogo alipokiwasha mara ya kwanza alikipa jina lake mwenyewe. Amina.

Mnaona balaa linapotokea? Mimi sikuliona.

Kilindoni hakikuwa na neno. Kilikaa jikoni, kati ya chupa ya mafuta ya kukaangia na kopo la chumvi, kikiadhini saa za sala na kuniambia kama mvua itanyesha. Mende walikuwa wakilala chini yake. Msiwasahau hao mende, tutawahitaji mbele.

Siku tuliyofika Kiegeani nilikichomeka kwenye umeme, juu ya kabati la sebuleni kwa mama mkwe. Sadick alikuwa amenunua ruta ya kutumia laini ya simu, mtandao mpya wa nyumba mpya. Kisanduku hakikuujua mtandao mpya. Kilikuwa bado kinautafuta ule wa Nurmohamed. Ilibidi nikae nacho, nibonyeze kitufe mpaka taa ibadilike rangi, kisha nikielekeze kwa simu. Kazi ya muda wa kunywa chai. Nikasema nile kwanza.

Laiti ningekaa na njaa.

Mama mkwe alikuwa amemaliza kusali. Akainua mikono, akaomba yake, akafunga kwa sauti: "Amina."

Kisanduku kikawasha taa ya buluu. Kikamjibu kwa sauti ya bibi mstaarabu: "Afuwan, la yumkinuni al-itisalu bish-shabaka."

Samahani, siwezi kuunganishwa na mtandao. Ndiyo maana yake, hakuna zaidi ya hapo.

Bimkubwa akashika kifua. Kiarabu kimetoka kabatini! Na kama wafanyavyo wengi wetu tusikiapo Kiarabu tusichokijua, akaitikia: "Amina."

Taa ikawaka. "Afuwan, la yumkinuni..."

"Amina!"

"Afuwan..."

Nilipotoka jikoni na sahani yangu, mama mkwe alikuwa anabubujikwa na machozi, amepiga magoti mbele ya mashine inayolalamika kuwa haina mtandao.

Nilicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu Shaibu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Shaibu ni kaka mkubwa wa Sadick. Juzijuzi alikuwa dalali wa pweza, siku hizi ana kanzu mpya na anataka aitwe ustadhi. Sheikh wetu wa msikiti, mtu wa haki, angeukomesha upuuzi ule siku ileile. Lakini alikuwa amevuka bara kwenye matanga ya dada yake, na Shaibu akaiona nafasi; siku hiyohiyo ndipo aliponinyang'anya kisanduku.

Habari ikaenea kwamba kwa Bimkubwa kuna kisanduku kutoka Arabuni kinachoomba dua. Watu wakaanza kuja na kuku, na mayai, na mchele, na pweza mkavu. Ua mzima ukanuka kinyesi cha kuku na shombo. Shaibu anasema, "Jamani, mimi sitaki kitu," huku anafungua mdomo wa kiroba.

Na si hayo tu. Mnajua kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Wazee wetu wamelifanya kwa adabu zao, nami sina ugomvi nao. Shaibu yeye alichukua kitambaa kibichi, akakifuta kisanduku juu, ubavuni na chini, kisha akakikamulia kwenye bakuli. Maji yakatoka yana rangi ya chai. Watu wakanywa.

Rangi ile ilikuwa mafuta yangu ya maandazi.

Niliona kwa macho yangu mguu wa mende ukielea kwenye bakuli, na mtu mzima mwenye wajukuu akausogeza kwa ulimi apate kunywa vizuri. Nilitoka nje, nikatapika kwenye migomba mpaka nikabaki natoa upepo mtupu.

Bado ningeyameza hayo. Nilichoshindwa kumeza kilikuwa cha Umi.

Umi ni mdogo wake Sadick, wifi yangu, na ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyewahi kunichekea. Mimba yake ilikuwa kubwa. Mumewe alikuwa dago kisiwani Bwejuu, amepiga kambi na wavuvi wenzake, na simu yake haikupatikana. Ijumaa hiyo Umi aliamka uso umeumuka, miguu haiingii kwenye ndala, kichwa kinampasuka. Nesi wa kliniki alikwisha mwonya: ukiona hivyo usingoje, njoo hospitali Kilindoni mbio.

"Mama," nikamwambia Bimkubwa, "tumwite Sadick aje na hiyo bajaji ya watu anayoiendesha, tumpeleke Umi."

"Apelekwe wapi? Dua yake ni leo baada ya sala ya Ijumaa."

"Hiyo ni presha, mama. Inaua."

"Kinachoua ni ulimi wako."

Sala ilipokwisha, sebule ilijaa hadi barazani. Umi akalazwa kwenye mkeka mbele ya kisanduku. Watu wakasema Amina, kisanduku kikaomba radhi kwamba hakina mtandao, watu wakasema Amina. Shaibu akaja na bakuli. Umi akageuza uso. Shaibu akamshika kidevu.

Sikujua nimefikaje pale. Nilichokisikia ni bakuli likipasuka sakafuni.

"Maji hayo yana mende!" nikapiga kelele. "Na hicho kisanduku hakiombi dua! Kinasema hakina mtandao! Mimi Kiarabu ninakijua!"

Shaibu akatabasamu. Tabasamu lake hilo, wallahi, lilikuwa na utelezi.

"Kiarabu chako, shemeji, ni cha kununulia vitunguu sokoni. Hiki ni cha juu."

"Basi soma Kiswahili!" Nikamsukumia simu yangu usoni. Ujumbe wa kisanduku, kwa Kiswahili cha simu yangu, ulikuwa umeganda juu ya kioo tangu tulipohama. "Soma, wenzio wasikie!"

Akaishika simu kwa ncha za vidole. Akasoma kwa kuvuta, silabi kwa silabi:

"Amina haijaunganishwa. Unganisha na... wi... fi... mpya."



"Waifai!" nikasema. "Hiyo inatamkwa waifai! Ndiyo mtandao wenyewe!"

"Imeandikwa wifi," alisema Shaibu. "Wi na fi. Hata mtoto wa chekechea anasoma wifi." Akawageukia watu. "Na aliyenipa simu nisome ni yeye mwenyewe. Mmesikia? Mnajiuliza kwa nini Umi hapati nafuu. Jibu hilo hapo. Wifi aliyenaye hamfai. Anatakiwa wifi mpya!"

"Nilijua mimi!" Bimkubwa akajipiga paja. "Nilimwambia Sadick tangu mwanzo, mwanamke huyu si riziki!"

"Sadick aoe," mtu akasema nyuma.

"Aoe, dada yake apone."

"Amina," wakaitikia wote, na kisanduku kikaomba radhi.

Sabra, binti wa jirani ambaye hajaolewa, akaanza kujitengeneza mtandio.

Mimi ndiye niliyekuja na ukweli mkononi, na kwa ukweli huohuo nikaachishwa mume mbele ya kuku.

Nilitoka uani nikampigia Sadick.

"Nakuja," akasema.

"Unakuja lini? Dada yako anakufa."

"Kaka Shaibu anasemaje?"

Nikakata. Mtu mzima, ana ndevu, dada yake anakufa, anauliza kaka anasemaje. Nilitamani kuitupa simu chooni na sauti yake ndani yake.

Hapo ndipo liliponijia wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najiosha mikono. Kama watu hawa wanakisikiliza kisanduku, basi kisanduku ndicho kiwaambie. Lakini kilihitaji mtandao, na Shaibu alikuwa amekaa ubavuni mwake, asingeniruhusu hata kukipulizia vumbi.

Nikampigia Shahbanu, mke wa Nurmohamed. Ndiye aliyetuunganishia kile kisanduku tulipokuwa wapangaji wake.

"Bi Shahbanu, nifanyeje? Siwezi kukigusa."

"Usikiguse," akasema. "Spika haikujui wewe wala nyumba, Warda. Inatafuta jina tu. Hiyo ruta yako mpya ipe jina la mtandao wangu na neno la siri la kwangu, herufi kwa herufi. Itadhani bado iko nyuma ya duka letu. Itajiunga yenyewe."

"Na neno la siri ni lipi?"

"Usiombe tena."

Nikanywea. "Nisamehe, dada. Sikukusudia kukusumbua, ni shida tu..."

"Ala! Ndilo neno lenyewe. Usiombetena, herufi ndogo zote, usiache nafasi. Tuliliweka kwa ajili yenu wapangaji."

Wakati mwingine ningecheka. Niliingia kwenye ruta kwa simu, nikafuta jina tuliloipa, nikaandika DUKA LA NURMOHAMED. Nikaandika usiombetena. Ruta ikazima, ikawaka. Nikasimama dirishani nachungulia ndani.

Taa ya kisanduku ikageuka kijani chini ya kitambaa. Hakuna aliyeiona ila mimi. Simu ikaniandikia: Amina imeunganishwa.

Kinayo sehemu ya kutangaza. Unaandika neno kwenye simu, kinalisema kwa sauti. Ningeweza kutuma sauti yangu kwa Kiswahili, lakini wangeitambua kabla sijamaliza. Nikaandika Kiarabu. Nilijiambia kwamba katika umati ule, na madrasa zote walizopitia, hatakosekana hata mmoja anayejua neno hospitali. Neno moja tu lingetosha.

Nikabonyeza.

"Khudhu Umi ila al-mustashfa, al-an!" Sauti ilikuwa kubwa, safi, haiombi radhi tena. Mpelekeni Umi hospitali, sasa hivi!

Sebule ikalipuka.

"Kimemtaja! Kimemtaja Umi kwa jina lake!"

"Amina! Amina!"

Nikabonyeza tena. "Khudhu Umi ila al-mustashfa, al-an!"

"Kinasemaje, ustadhi?" mzee mmoja akauliza. Shaibu alikuwa amebadilika rangi. Hakujua kitu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatoka jasho. Nikasema, haya, sasa tuone.

Ndipo mama mkwe akamwokoa.

"Shifaa!" akapiga ukelele. "Nimesikia kwa masikio yangu! Musta-shifaa! Kimesema shifaa!"

"Naam!" Shaibu akadaka upesi, sauti imemrudi. "Ndiyo maana yake! Umi ameshapewa shifaa! Ameshapona!"

Vigelegele. Mtu akakanyaga trei la mayai na hakujali. Wanawake wakakumbatiana juu ya uji wa mayai. Bimkubwa akambusu binti yake kwenye paji lililolowa jasho, akimshukuru Mungu kwa uzima, na uso wa Umi ulikuwa umevimba hadi macho yamebaki mstari.

Nikabonyeza mara ya tatu, sauti nimeipandisha hadi mwisho. Mpelekeni hospitali. Mpelekeni. Wao wakaitikia Amina, wengine wakilia kwa raha, na hakuna aliyenyanyua hata mguu.

Ningekuwa na mate ningewatemea wote, na kwanza ningejitemea mimi niliyejipenyeza kwenye uchafu wao nikidhani nitatoka msafi.

Niliingia ndani. Niliwapangua kwa viwiko mpaka kwenye mkeka.

"Wifi," Umi akasema. "Wifi, sikuoni."

"Niko hapa."

"Naona cheche tu. Nipeleke."

"Umeshapona, mwanangu," Bimkubwa akambembeleza. "Tulia. Utaletewa wifi mpya, na..."

"Sitaki wifi mpya." Maneno yalimtoka moja moja. "Namtaka huyuhuyu."

Vigelegele vikakatika. Nikaupitisha mkono wake shingoni mwangu, nikamwinua. Alikuwa mzito, nikayumba. Aliyekuja kumshika upande wa pili ni Sabra, yule wa mtandio. Sijui kwa nini alikuja, na sikumuuliza.

Tulifika mlangoni, tukamkuta Shaibu amesimama, mikono kaitandaza kwenye miimo.

"Hatoki mtu."

Nje, bajaji ikazima. Nikaisikia miguu ya Sadick barazani. Akatokea nyuma ya kaka yake, anahema, ufunguo unaning'inia kidoleni.

"Umekuja wakati mzuri," Shaibu akamwambia bila kushusha mikono. "Dua imejibiwa, dada yako amepona. Huyu mkeo anataka kumtoa akamuulie njiani. Mwambie hapa, mbele ya mashahidi: akivuka kizingiti hiki, si mke wako."

Sadick akamtazama kaka yake. Akamtazama mama yake. Akautazama uso wa Umi, na nilijua ameuona, kwa sababu aliyakwepesha macho.

"Sadick," nikamwambia, "niache kesho. Leo washa bajaji."

Akalamba midomo.

"Warda," akasema, "nime..."

Mama mkwe hakungoja amalize. "Amina!" akaitikia nyuma yetu, na kisanduku kikawasha taa yake kusikiliza.

Na mkono wa Umi, uliokuwa umenishika shingo, ukalegea, ukateleza begani, ukaachia.